Kidonge Hakiongezi Kilometa

Kila mwaka, kiangazi kinapoingia na barabara ya kwenda Kasapa, hapa mjini kwetu, ikaanza kujaa wakimbiaji kabla jua halijachomoza, hunifikia swali lile lile, likiulizwa na vijana na watu wazima, wake kwa waume, wasomi wa chuo kikuu na mafundi wa gereji: mtu aliyezoea kilometa 8, na ambaye Jumapili ijayo amekusudia kukimbia 20 pamoja na wenzake, ameze diklofenaki ngapi, na ameze saa ngapi kabla ya kutoka? Wengine hata idadi hawaulizi, husema tu, "Docta, unipatie dawa ya kunyamazisha hii mguu." Nimelijibu kwa upole mara nyingi mno, na leo namtaka radhi msomaji nilijibu bila upole.

Kidonge hicho, na nduguye ibuprofeni, hakitii nguvu mguuni hata chembe. Sokoni huuzwa kwa kipande kilichokatwa kwa mkasi, ambacho aghalabu tarehe ya kuharibika kwake imesalia upande wa muuzaji. Lakini hata kile kilichotoka katika famasi yenye kabati la kioo, kazi yake ni ile ile ya kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, nazo hazikuumbwa kwa ajili ya kututesa. Ndizo zinazolinda utando wa tumbo usiliwe na asidi yake lenyewe, na ndizo zinazoipanua mishipa ya figo pindi maji ya mwili yanapopungua. Basi mtazame huyo mkimbiaji wetu: ametoka alfajiri bila kunywa kitu, amekimbia saa 2 katika ukavu na vumbi jekundu la Septemba, damu yake kwa wingi imehamia miguuni na kwenye ngozi, figo zimebakiwa na kidogo, na hicho kidogo nacho amekizibia njia yeye mwenyewe, kwa fedha yake, kwa hiari yake, na kabla hata hajafunga kamba za viatu.

Wapo wanaoniambia kwamba hizo ni hofu za matabibu. Mnamo 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mbio za jangwani, ambamo wakimbiaji 89 waliokuwa na kilometa 80 mbele yao waligawanywa, hawa wakapewa ibuprofeni na hawa kidonge kisicho na dawa, wala hapana aliyejua amepewa nini. Dalili za kudhurika figo zikaonekana kwa asilimia 52 ya waliomeza dawa, dhidi ya 34 ya wenzao. Ama dhana ya kwamba walau maumivu hupungua, mtafiti David Nieman aliwachunguza wakimbiaji wa mbio za kilometa 160 za Western States, huko California, akaona kwamba waliotumia ibuprofeni hawakupungukiwa na maumivu ya misuli wala na uharibifu wake. Hiyo ndiyo faida tunayoambiwa tuhatarishe figo kwa ajili yake!

Tena asiniletee mtu jina la John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza wa mwisho akichechemea na kitambaa kimefungwa mguuni. Namheshimu kwa dhati. Walakini yeye alikuwa amekwisha kuiva kwa mbio ndefu kabla ya kupanda ndege, alianguka siku ya mashindano yenyewe, na mwaka 1970 akashika nafasi ya 5 katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh. Wewe unachechemea Jumanne, mazoezini, na hapana taifa lililokutuma.

Asili ya taabu yote hii ni kwamba viungo vya mwili havikomai kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huzoea upesi, na baada ya wiki chache mtu hupanda mlima huku akizungumza, akadhani amekuwa tayari. Lakini mfupa uliotwishwa mzigo mpya kwanza huchimbwa na seli zake wenyewe, ndipo ujazwe upya, na kuchimba huchukua wiki chache ilhali kujaza huchukua miezi. Katika pengo hilo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza, nawe wakati huo huo unajiona simba. Breithaupt, tabibu wa jeshi la Prussia, aliandika mwaka 1855 juu ya askari waliovimba nyayo kwa mwendo mrefu, asijue kwamba mifupa ilikuwa imepata nyufa, maana eksirei ilikuwa haijavumbuliwa. Maumivu ndiyo habari pekee inayotoka katika pengo hilo, na habari hiyo ndiyo unayotaka kuinyamazisha.

Yasalia mambo ya kutenda, nayo ni machache. Ile kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki isichukuliwe kama aya: utafiti wa wakimbiaji 5,205 uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba hatari imo katika safari moja inayopita kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi safari ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia, si katika jumla ya wiki. Aliyefika 8, basi, safari yake ndefu iwe 8 na nusu au karibu na 9, si 20. Kimbia mara 3 au 4 kwa wiki, nyingi kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Kila wiki ya nne punguza. Siku moja panda baiskeli. Kwa mbio za kilometa 21, aliyefika 16 au 18 mazoezini amefika. Kunywa ukiona kiu. Mwenye damu ya SS (yaani selimundu), vidonda vya tumbo au shinikizo la damu azungumze kwanza na tabibu wake. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja juu ya mfupa, au yanayokuamsha usiku, simama siku hiyo hiyo uende hospitali, na picha ya eksirei ya wiki ya kwanza ikitoka safi isikudanganye, kwani ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani mpaka zipite wiki 2 au 3.