Kasomeno: Droni inakwepa mti, lakini waya wa umeme inaweza kukosa kuuona

Kasomeno, katika teritware ya Kasenga, ni njia panda. Barabara inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo: moja inashuka hadi Kasenga kwenye mto Luapula, ingine inaelekea Kilwa na Pweto. Kwa mpiga picha anayetoka mjini na droni yake ndani ya mfuko, mahali hapa panaonekana kuwa rahisi. Hakuna jengo refu, na anga ni wazi.

Urahisi huo unadanganya. Porini kuna miti ya miombo na vichuguu virefu kupita nyumba. Katika vijiji kuna miembe mikubwa, antena na kamba za kuanikia nguo. Penye umeme kuna nguzo na nyaya. Droni moja ya kamera inagharimu mamia ya dola, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, na kwa vijana wengi wanaopiga picha za ndoa, mashine hiyo ndiyo shamba lao. Ikigonga tawi mara moja tu, kazi ya mwaka mzima inaweza kwisha. Ikianguka juu ya watu, elisi zake zinaweza kukata uso wa mtoto.

Ndiyo maana wengi wanatumainia droni zenye kukwepa vizuizi zenyewe. Kampuni ya DJI ya China ilileta uwezo huo kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2016, katika Phantom 4. Tangu hapo umeenea, lakini si kwa droni zote. Mini 3 ina macho ya kutazama chini tu. Mini 3 Pro inaona mbele, nyuma na chini, lakini haioni pembeni. Mini 4 Pro, iliyotoka mwaka 2023, inaona pande zote. Majina yanafanana, kwa hiyo anayenunua droni iliyokwisha tumika sokoni anapaswa kuhesabu macho yake kabla ya kutoa pesa.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Katika aina nyingi, kila upande unaolindwa una kamera ndogo mbili, kama macho mawili ya mtu. Kompyuta inalinganisha picha hizo na kukadiria kizuizi kiko mbali kiasi gani. Kisha droni inasimama au inazunguka, kufuatana na vile mwenyewe alivyochagua kwenye telekomandi.

Lakini kama macho ya mtu, macho hayo yanahitaji mwanga, tena yanahitaji kitu chenye umbo la kushikika. Jua likizama, hayaoni vizuri. Moshi wa kuchoma pori wakati wa kiangazi unayafunika. Kioo, ukuta mweupe usio na alama, na maji yaliyotulia ya Luapula vinayachanganya. Na kitu chembamba, kama waya wa umeme au tawi lisilo na majani, kinaweza kupita katikati ya hesabu bila kuonekana. Aina chache mpya, kama Air 3S ya mwaka 2024, zimeongezewa chombo cha kupima mbele kwa mwanga wa laser, kinachosaidia usiku. Hata hizo hazifai kurushwa kuelekea kwenye waya kwa kujaribu.

Kwa Haut-Katanga, jambo hilo la matawi lina majira yake. Kuelekea mwisho wa kiangazi, miti mingi ya miombo inapukutisha majani. Msitu ambao mwezi wa tatu droni iliuona kama ukuta wa kijani, mwezi wa nane umebaki vijiti. Mpiga picha anayerudi mahali palepale akiamini kwamba droni inapajua anaweza kuiacha mtini.

Kosa lingine la kila siku ni mwendo. Katika mwendo wa mbio, ambao wengi wanaupenda kwa kufuata magari ya bwana arusi, droni za DJI zinazima ukwepaji. Droni inaweza kupita mita 15 kwa sekunde moja, na hakuna kitakachoisimamisha isipokuwa kidole cha mwenyewe. Vilevile, droni isiyo na macho ya pembeni ikisogezwa kando ili kumzunguka bibi arusi, inaenda kama mtu anayetembea kinyumenyume sokoni.

Halafu kuna safari ya kurudi. Batri ikipungua au mawasiliano yakikatika, droni inapanda hadi kimo kilichowekwa, kisha inarudi mahali iliporukia. Kimo hicho kikiwekwa chini ya mwembe au nguzo, droni inarudi moja kwa moja kwenye hatari. Kabla ya kuruka, mwenye droni atazame kitu kirefu kuliko vyote kinachomzunguka, aweke kimo kupita hicho, na asirukie chini ya mti wala turubai.

Kwa kazi ya karibu na watu, kuchagua kusimama ni salama kuliko kuchagua kuzunguka: droni inayotafuta njia yenyewe kati ya matawi inaweza kukwepa moja na kuingia lingine. Kusafisha macho hayo kwa kitambaa laini ni lazima pia, kwa sababu vumbi jekundu la barabara halisamehe. Mtu wa pili asimame pembeni akitazama angani, huku mrushaji akitazama kioo cha simu. Na droni ikinasa kwenye waya wa umeme, mtu yeyote asipande nguzo wala kuivuta kwa mti. SNEL ndiyo ya kuitwa. Droni inanunuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Kuna pia kizuizi ambacho mashine haikioni kabisa: hofu ya watu. Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni zake Goma mwezi wa kumi na mbili mwaka 2013, na tangu hapo vita vya Kivu vimefundisha watu kwamba sauti ile angani inaweza kuleta kifo. Mpiga picha anayefika kijijini anapaswa kwanza kumwona chifu na polisi, akiwa na ruhusa inayotakiwa. Anga ya kiraia nchini DRC inasimamiwa na AAC, na droni ndogo nayo inaruka katika anga hiyo.

Ukwepaji wa vizuizi ni msaada mzuri. Unaokoa droni siku ambayo mwenyewe amechoka au amekosea. Lakini nyaya za Kasomeno anayezijua ni mtu aliyetembea chini kwa miguu na kutazama juu kabla ya kuwasha mashine.