Habari za darasa la kwanza zimfuate mzazi hadi Mugina

Na Mwalimu wa darasa la kwanza, Mabanda

WAZAZI wenye watoto katika darasa langu la kwanza hapa Mabanda, kusini mwa Burundi, hupata nusu karatasi kutoka kwangu kila Ijumaa. Upande mmoja nimeandika kwa Kirundi, upande wa pili kwa Kiswahili. Humo naeleza watoto wamesoma nini wiki hiyo na wiki ijayo waje na nini. Mzazi anayeshinda nyumbani huisoma jioni ileile. Wale wa biashara ya mpakani, ambao ndio wengi, huikuta baada ya siku nne au tano, na mara nyingine imeshafungiwa chumvi.

Ndiyo maana leo nimeomba nafasi katika ukurasa huu, kwa kuwa najua gazeti hili husomwa na wanaovuka Mugina kwenda Manyovu na wanaorudi.

Wiki hii tumesoma herufi "c". Mzazi uliyesoma Tanzania usicheke. Katika Kirundi herufi hiyo husimama peke yake na hutamkwa kama "ch" ya Kiswahili, kwa hiyo chai huandikwa "icayi" na kumi huandikwa "cumi". Mtoto aliyezoea Kiswahili akiona "cumi" anasoma "kumi" bila kusita. Maana ameipata, kusoma bado. Vilevile kalamu inakuwa "ikaramu" na shule inakuwa "ishure", kwani Kirundi hakina "l". Mtoto akirudi na daftari lililosahihishwa mahali hapo, tafadhali usimwambie kwamba mwalimu hajui kuandika. Mwaka huu baba watatu wameshanifuata shuleni kwa sababu hiyo.

Katika hesabu tumefika 20. Hapa watoto wa wafanyabiashara wanawashinda wenzao wote, hasa kwenye kutoa. Mtoto aliyekaa kwenye meza ya ndagala na mama yake anajua chenji kabla hajajua kushika kalamu. Kinachowasumbua ni majina: saba ni "indwi", tisa ni "icenda". Wanapata jibu sahihi kichwani halafu wanalitaja kwa Kiswahili, na wenzao wanacheka. Nimewakataza kucheka. Kila mtoto anayejibu kwa Kiswahili namwambia arudie kwa Kirundi, na yule aliyecheka naye arudie kwa Kiswahili. Kelele zimepungua sana.

Si watoto wote waliohunguka wenye shida hiyo. Waliosomea kambi za Nyarugusu na Nduta walifundishwa mtaala wa Burundi, hivyo wengi wanaingia darasani na kuendelea. Wanaochelewa ni wale waliokulia katika makazi ya zamani ya wakimbizi wa 1972, yaani Ulyankulu, Katumba na Mishamo, au katika vijiji vya Kigoma, ambako shule ni ya Kitanzania. Mimi mwenyewe nilianza darasa la kwanza Ulyankulu mwaka 1987, kwa Kiswahili kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kutoka. Niliporudi mwaka 2008 nilikuwa nazungumza Kirundi cha bibi yangu vizuri tu, lakini kukiandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, usiku, kwa kutumia vitabu vya watoto niliowafundisha mchana.

Jambo jingine linalowapotosha wazazi ni kalenda. Tanzania mwaka wa shule huanza Januari. Hapa huanza Septemba. Kila Januari hunijia familia zenye mtoto aliyevaa sare mpya, zikidhani ndiyo siku ya kwanza, wakati sisi tumemaliza muhula mzima. Tunampokea, lakini anakuta wenzake wanaunganisha silabi naye hajajua irabu za Kirundi zinavyoandikwa. Kuanzia mwaka 2005, ada ya shule za msingi ilipofutwa, madarasa yamejaa, na shule nyingi zinafundisha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Mimi nina watoto 87. Mwalimu hawezi kumrudisha mmoja nyuma miezi mitatu. Mara nyingi mtoto kama huyo anarudia darasa, na anayerudia la kwanza akiwa tayari na miaka minane au tisa huanza kuona aibu. Baadaye unamkuta barabarani akisukuma baiskeli ya mawese.

Nina msichana mmoja darasani ambaye mama yake husafiri Jumanne na kurudi Alhamisi. Siku hizo mtoto anabaki na mdogo wake mgongoni, haji. Siku mbili kila wiki, tangu Septemba. Si mvivu, na mama si mzembe. Siku zote mbili angekula wapi? Nilipompelekea karatasi nikamwonyesha ni herufi zipi zilisomwa katika siku zile, aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema, angemwacha mdogo kwa jirani. Karatasi nilikuwa nimeituma, na yeye alikuwa Manyovu. Tangu wakati huo naandika pia kwa simu. Wafanyabiashara karibu wote wana laini mbili, ya huku na ya Tanzania, na shuleni wamejiandikisha kwa ya huku tu, ambayo wakishavuka huzimwa.

Sasa wiki ijayo. Jumatatu kila mtoto aje na vizibo 20 vya chupa au punje 20 za mahindi, tunaanza kuhesabu kwa makundi ya kumi. Msinunue kitu. Jumatano tunarudia silabi zote za muhula huu, na hiyo ndiyo siku ambayo naomba asikose mtoto hata mmoja, hata kama mdogo wake itabidi aje naye akae nyuma ya darasa, mkeka upo. Alhamisi watoto watasoma kwa sauti mbele ya wazazi, sentensi moja kila mtu. Mzazi asiyejua kusoma aje vilevile, kazi yake ni kusikiliza.

Mkutano wa wazazi ni Ijumaa. Tumeusogeza kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ili waliolala ng'ambo wawe wamefika. Njooni na namba zote mbili za simu. Mwenye daftari la Tanzania lenye kurasa tupu asilitupe, mtoto aje nalo, tutalimalizia hapa.