Dawa ya Matone Baada ya Kupasuliwa Mtoto wa Jicho

Ndugu Mkulima wa Nyaramba,

Ukisha kupasuliwa mtoto wa jicho, daktari hukupa dawa ya matone ya kutuliza uvimbe, kama prednisoloni au deksamethasoni. Kwa kawaida hutumiwa majuma 4 hivi, ikipunguzwa kidogo kidogo. Usiiache kwa kuwa waona vizuri, wala usijiongezee siku kwa kununua nyingine dukani: ikizidi yaweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu mshipa wa kuonea.

Nawa mikono kwa sabuni. Ikiwa chupa imeandikwa itikiswe, itikise. Vuta chini ukope wa chini, tia tone moja, kisha fumba jicho. Mdomo wa chupa usiguse jicho. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika 5.

Jirani aliyechomwa jicho na jani la mahindi akikuomba dawa hiyo, mkatalie. Yaweza kuzidisha kidonda cha jicho hata akapofuka. Mwambie aende hospitali.

Nawe, jicho likiuma, likizidi wekundu au ukiona kwa shida, rudi hospitali siku ile ile. Kuchuma chai kwaweza kungoja kesho, jicho halingoji.