Breki ya Mbele na Usukani: Maana Mbili za Kitenzi "Kuvuta"

Msamiati wetu wa vyombo vya moto umechotwa katika visima vingi. Usukani ni neno la baharini: sukani, lenye asili ya Kiarabu, ni kile kibao cha nyuma kielekezacho jahazi. Breki limetoka katika Kiingereza, likaja pamoja na gari. Dereva akifunga breki na chombo kikaenda upande, husemwa kwamba "kinavuta". Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hicho chabeba maana mbili ambazo hazifai kuchanganywa.

Tutazame kwanza bajaji, ambayo ni nyingi mjini Arusha. Gurudumu lake la mbele li katikati, na mawili ya nyuma yamewekwa sawasawa kuume na kushoto. Ikiwa yashuka kutoka Ilboru nayo yavuta upande mmoja kila ifungwapo breki, basi pana kasoro: yamkini breki ya gurudumu moja la nyuma yashika kuliko ya pili, au mzigo umeelemea upande. Hapo kuvuta ni ugonjwa.

Sasa tuchukue pikipiki yenye kigari cha ubavuni. Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo kigari hufaa kufungwa kushoto. Breki ya mbele huzuia gurudumu la pikipiki, nalo li kulia mwa kitovu cha uzito wa chombo kizima. Pikipiki yazuiwa, kigari chataka kuendelea na mwendo wake, na chombo chote chageukia kulia, yaani kuelekea magari yajayo. Hapakuharibika kitu, kuvuta ni tabia ya umbo lake. Tena shokapu za mbele zilizo za kawaida zikibonyea, shina la usukani husimama wima zaidi, na usukani hupungukiwa na nguvu ya kujirudisha katikati. Kwenye mteremko mambo huzidi, maana uzito huhamia mbele.

Dawa nazo ni mbalimbali. Bajaji yataka kutengenezwa. Pikipiki ya kigari yataka gurudumu la kigari nalo lipewe breki, kisha breki hizo zilinganishwe. Fundi aliyesikia "inavuta" tu aweza kutafuta ugonjwa pasipo na ugonjwa, au, jambo la hatari zaidi, kuuita ugonjwa tabia.

Kwa hiyo twapendekeza kwa watungaji wa kamusi na wa vitabu vya ufundi: kuvuta kubaki jina la kasoro, na ile tabia ya umbo iitwe kugeuzwa na breki.