Mtihani Ulioanza Baada ya Kutoka Hospitali



Tunaandika makala haya tukiwa wazazi wa kijana mmoja wa hapa Mombasa, na tunamwomba msomaji atuwie radhi kwa kutotaja jina lake. Yeye mwenyewe ametupa idhini ya kusimulia kwa sharti moja: tusimfanye shujaa, wala tusimfanye mtu wa kuhurumiwa. Tumelikubali sharti hilo. Tunalotaka kueleza ni jambo ambalo hapana mtu aliyetutahadharisha nalo. Mtihani mkubwa wa imani yetu haukuwa zile siku alizolala bila fahamu. Ulikuja miezi iliyofuata, baada ya watu kutupa mkono wa hongera na kurejea makwao.

Usiku wa ajali

Mwanetu alikuwa na umri wa miaka 19. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na akimsaidia ami yake dukani. Alhamisi moja, siku kumi kabla ya Ramadhani, alipanda bodaboda kutoka Kisauni ili awahi Isha nyumbani. Dereva alikuwa na helmeti moja tu, nayo aliivaa mwenyewe. Gari lilipokata kona ghafla mbele yao, dereva alivunjika mkono, na mwanetu akaangukia kichwa.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba fahamu za mgonjwa wa namna hii hupimwa kwa alama kuanzia 3 hadi 15, kwa kutazama anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Mwenye alama 8 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa ameumia vibaya. Mwanetu alikuwa na 6. Picha ya CT ilionyesha damu iliyokusanyika ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Alipasuliwa usiku ule ule. Vikuku vya mama yake, ambavyo alivitunza tangu siku ya harusi yake, viliuzwa kabla ya jua la Ijumaa kuchomoza. Mchango wa jamaa na wa msikiti ukafuata.

Alilala siku kumi na mbili. Twakiri kwamba katika siku hizo imani haikuwa nzito kwetu. Nyumba ilijaa watu, visomo havikukatika, na kila simu iliyoingia ilikuwa dua. Jambo moja tu lilituumiza: mama yake alipokuwa akilia, bibi mmoja aliyekuja kumjulia hali alimwambia kuwa machozi ni upungufu wa subira. Maneno hayo yalimkaa kifuani siku nyingi, hadi ustadh wa mtaa wetu alipomkumbusha habari za Nabii Yaaqub (A.S.). Alimlilia mwanawe hata macho yake yakaingia weupe, na bado Mwenyezi Mungu akamtaja miongoni mwa wenye subira njema. Mtume wetu (S.A.W.) naye alimlilia mwanawe Ibrahim. Subira haikatazi chozi. Kinachokatazwa ni ulimi kuipinga hukumu ya Mola.

Siku ya pili ya Ramadhani alifumbua macho. Hakuamka kama aamkavyo mtu usingizini. Alifumbua macho bila kututambua. Siku kadhaa baadaye akafinya kidole cha mama yake. Kisha likaja neno moja, kisha mawili. Wiki ya saba tulimrudisha nyumbani. Majirani walipika, watoto waliimba kaswida, nasi tukadhani tumefika mwisho wa safari.

Kijana aliyerudi

Kijana aliyeondoka alikuwa mpole na mwenye mzaha, ambaye hakupandisha sauti mbele ya nyanya yake hata siku moja. Aliyerudi alitupa sahani kwa sababu wali ulikuwa wa moto. Alimtolea nyanya yake maneno tusiyoweza kuyaandika hapa. Aliuliza swali moja mara tano kwa saa moja, na mara ya tano tukakosa uvumilivu, naye akaona kwamba tumeukosa. Sauti ya wadogo zake wakicheza ilimfanya ajifungie chumbani na kuziba masikio. Mchana alilala kama mtu aliyebeba mizigo bandarini usiku kucha.

Daktari alitueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo humsaidia mtu kujizuia, kupanga mambo na kupima maneno kabla hayajamtoka. Ikijeruhiwa, breki hulegea, na mwenyewe huenda asijue kuwa amebadilika. Usingizi ule haukuwa uvivu: ubongo unaopona huchoka kwa kazi ndogo mno. Alituambia pia kwamba aghalabu nafuu huonekana kwa kasi zaidi katika miezi sita ya mwanzo, kisha mwendo hupungua, lakini huweza kuendelea kwa miaka.

Mwezi wa nne alipatwa na kifafa sebuleni mbele ya wageni. Kifafa ni miongoni mwa mambo yanayoweza kufuata jeraha la ubongo, lakini kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na hukumu yake. Wengine walisema ni jini, wengine wakasema ni hasadi. Nyanya yake, kwa mapenzi yake, alileta habari za mganga mmoja aliyehitaji mbuzi mweusi na pesa taslimu. Hatutamlaumu. Mtu aliyeona mjukuu akibadilika mbele ya macho yake hutafuta mlango wowote ulio wazi.

Tulikwenda kwa sheikh wetu. Alimsomea kisomo cha sharia, Fatiha na Ayatul Kursi na Muawwidhatayn, bila kudai senti. Alipomaliza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Dawa zake za asubuhi amekunywa?" Tukanyamaza, kwani hazikuwa zimenywewa, tulikuwa tumeziacha siku mbili kutazama kama zina haja. Akatukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha tujitibu, na kwamba kisomo na dawa havigombani. Kisha akatutajia yule mwanamke katika hadithi ya Ibn Abbas, waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliyekuwa akipatwa na kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba dua, akapewa hiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Alichagua subira, ila aliomba asifunukwe nguo anapoanguka. Hakufukuzwa wala hakutengwa. Aliombewa sitara, na alihesabiwa miongoni mwa watu wa Peponi. Basi ni nani sisi kumwonea haya mwenye maradhi hayo?

Zito zaidi tulilieleza mwisho, nalo mama yake ndiye aliyelitamka. Alisema, "Sheikh, tulimwomba Mungu aturudishie mwanetu, na nahisi tumerudishiwa mwengine." Alisema kwa sauti ndogo, akiogopa amekufuru. Sheikh hakumkemea. Alisema kwamba mtoto hakuwa mali yetu hata kabla ya ajali. Alikuwa amana, na mwenye amana hupanga atakavyo namna ya kutuachia. Alitushauri tuomboleze kile kilichoondoka, kwani kimeondoka kweli, lakini tusimwombolezee aliye hai mbele ya uso wake. Usiku ule ndipo tulipoanza kumwombea dua alivyo. Awali tulikuwa tukimwombea yule wa zamani.

Swala isiyohitaji kuhesabu

Tangu wiki za mwanzo tulistaajabu kwamba mtu asiyekumbuka alichokula asubuhi aliweza kuisoma Fatiha kutoka mwanzo hadi mwisho. Daktari alituambia kwamba yaliyorudiwa maelfu ya mara tangu utotoni hukaa mahali penye mizizi kuliko mambo ya leo. Tukamshukuru mwalimu wake wa chuoni, aliyemrudisha sura ile ile hadi akaichoka.

Alipopata nguvu za kusimama, aliuliza swala ngapi zimempita. Hofu ilimjaa kwamba anadaiwa. Sheikh alimfafanulia kwamba kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayofuata wengi wetu hapa pwani, aliyepotewa na fahamu muda wote wa swala si wajibu kwake kuilipa. Wanavyuoni wa madhehebu mengine wana kauli tofauti. Mgonjwa huswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa kulala ubavu. Ama saumu, daktari alimkataza kwa sababu ya dawa zinazohitaji saa maalumu, na siku hizo ni deni atakalolipa akipona. Likikatika tumaini la kupona, hutolewa fidya.

Lakini shida yake ilikuwa rakaa. Kila alipofika ya pili hakujua kama ni ya pili au ya tatu. Alirudia, akarudia tena, na Alasiri moja aliukunja msala akautupa ukutani, akilia kwamba Mungu hataki swala yake. Hatujapata kusikia kilio kama hicho, hata chumba cha wagonjwa mahututi.

Jawabu lilitoka kwa babu yake, baba wa baba yake, mzee ambaye kwa miaka zaidi ya arubaini hakukosa safu ya mbele msikitini isipokuwa kwa safari au maradhi. Alisema, "Maamuma hahesabu, humfuata imamu." Tangu siku hiyo Adhuhuri na Alasiri aliswali nyumbani kwetu na mjukuu wake, na baba yake akasalisha zilizobaki. Twajua uzito wa kile alichokiacha mzee yule. Msikiti uko hatua chache, adhana ikisikika dirishani, naye akitandika msala sebuleni ili kijana asihesabu. Ghadhabu hazikuisha, lakini swala haikuwa tena mahali pa kushindwa.

Tuliyojifunza

Tunayaandika haya kwa ajili ya nyumba nyingine, hususan akina mama, kwani mzigo wa uuguzi aghalabu huwaangukia wao.

Kwanza, helmeti. Sheria ya barabara ya Kenya inamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake wote wawili waivae. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42. Kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Dada zetu, msipande bila helmeti, wala msimpakie mtoto bila helmeti.

Pili, mtu akianguka kifafa, msimtie kijiko wala kidole kinywani, na msimshike kwa nguvu. Mwondoleeni vitu vigumu vilivyo karibu, mlazeni ubavu, msitirini, na mtazame saa. Kikipita dakika tano, mpelekeni hospitali upesi.

Tatu, kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu, na kufupisha ziara ni sehemu ya haki hiyo. Wageni wawili wanaosema polepole ni rehema kwa mwenye jeraha la ubongo. Wageni kumi wanaozungumza pamoja ni adhabu. Msimuulize, "Wanikumbuka mimi?" Mtajieni majina yenu.

Nne, msaidieni anayeuguza. Dada wa mama yake alichukua kila Jumamosi asubuhi, akasema, "Dada, nenda ukalale." Hakuna kisahani cha halua kilichotufaa kama saa zile nne.

Tano, msione haya kumwandikisha kijana kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tulichelewa kwa sababu ya neno "ulemavu" tu.

Nabii Ayub (A.S.) alipotaka faraja, aliamrishwa aupige mguu wake ardhini, na hapo yakatoka maji baridi ya kuoga na kunywa. Mola aliyeweza kumponya bila sababu yoyote alimtaka mja mgonjwa auinue mguu wake. Tumejifunza kuyatazama mazoezi ya viungo, vidonge vya saa mbili na daftari analoandikia mambo ya siku kuwa ndiyo mguu wetu unaopiga ardhi.

Sasa ni mwaka wa pili. Mwanetu hufanya kazi dukani kwa ami yake nusu siku, akiandika kila kitu daftarini. Kifafa kimetulia kwa dawa. Hasira humpanda bado, lakini siku hizi hurudi kuomba radhi, jambo ambalo mwaka jana hakuliweza. Yule wa zamani hajarudi, nasi tumeacha kumngoja mlangoni.

Wiki iliyopita babu yake, ambaye umri umeanza kumlemea, alisalisha Adhuhuri na kukaa tahiyatu ya mwisho katika rakaa ya tatu. Nyuma yake ikasikika sauti: "Subhanallah." Mzee alisita, akasimama, akakamilisha ya nne, akasujudu sijda ya kusahau. Baada ya salamu aligeuka na kumuuliza mjukuu wake, "Ulikuwa ukihesabu?" Kijana akajibu, "Kidogo, babu."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape nguvu wanaowauguza, na atujaalie kuipokea amana kwa sura yoyote anayoturudishia. Amin.