Je, Wajua? Mbavu za Kitimoto Hazitaki Haraka

Binadamu ana jozi 12 za mbavu. Nguruwe wa kufugwa anazo 14 hadi 17!

Mbavu za kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hulainika kwenye ovena ya nyuzijoto 150 tu za Selsiasi, zikifunikwa kwa foili kwa saa mbili na nusu hivi. Muda huo hugeuza tishu ngumu kuwa ute laini, na nyama huachia mfupa yenyewe.

Upande wa ndani wa mbavu una utando unaozuia viungo kupenya. Ubandue kabla ya kuoka, kisha paka chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu.

Ukitumia asali, kumbuka huungua upesi. Ipake dakika 15 za mwisho, foili ikishaondolewa.

Nyama mbichi ya nguruwe yaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu. Hakikisha imeiva hadi ndani.