Lyon: Kaa Mezani Kwanza

Wanaoniuliza waende wapi Ufaransa kwa siku mbili tatu huwa wameshajijibu: Paris. Sawa, lakini ukipanda treni ya kasi pale Gare de Lyon, baada ya kama saa mbili uko Lyon, na huko ndiko ninakompeleka mtu anayejua kula. Mnara wa Eiffel utaukuta palepale.

Huko siku yangu naipanga kwa kufuata chakula cha mchana, maana jiko la mkahawa hupokea watu kuanzia saa sita hadi saa nane. Ukifika saa tisa na njaa yako utaambulia sandwichi. Tafuta bouchon, mkahawa mdogo wa kienyeji wenye meza zilizobanana na kelele za kutosha. Ingia, toa "Bonjour" ya kusikika, ndipo uulize meza. Asiyesalimia huhudumiwa kwa uso uliokunjwa, na wahudumu siwalaumu.

Kama unadhani Wafaransa wote hula kijipande cha samaki katikati ya sahani kubwa, jiandae. Hapa huliwa utumbo, maini, figo na kichwa cha ndama. Aliyezoea supu ya utumbo asubuhi pale Kariakoo hatakuwa mgeni. Mimi huagiza tablier de sapeur: utumbo wa ng'ombe uliolowekwa kwenye mvinyo mweupe, ukapakwa chenga za mkate na kukaangwa.

Chakula hiki kina wenyewe. Lyon iliishi kwa hariri, na wafumaji wake, canuts, walifanya kazi kwenye kilima cha Croix-Rousse, katika nyumba zenye dari za karibu mita nne ili mitambo ya kufumia ya Jacquard ienee. Malipo yalikuwa duni hata wakaasi mwaka 1831, na tena 1834. Nyama waliyoimudu ni ile ambayo tajiri hakuitaka. Mlo wao wa asubuhi, mâchon, ungalipo: saa tatu, soseji, utumbo na glasi ya mvinyo. Nimeujaribu. Usipange kazi nyingine siku hiyo.

Waliokipa chakula hicho heshima ni wanawake, mères, wengi wao wapishi wa nyumba za matajiri walioacha utumishi wakafungua mikahawa yao. Eugénie Brazier, binti wa shamba, alifungua wake mtaa wa Royale mwaka 1921, na baadaye wa pili. Mwaka 1933 mikahawa yake miwili ilipewa nyota tatu za Michelin kila mmoja. Mpishi mashuhuri Paul Bocuse alijifunza kwake akiwa kijana. Leo soko kubwa la vyakula la mji lina jina la Bocuse, na mchoro wake mkubwa uko ukutani ng'ambo ya barabara. Hilo huniudhi kidogo: mwalimu je?

Mvinyo huletwa ndani ya pot, chupa ya sentilita 46 yenye kitako kinene. Usihangaike na orodha. Omba Beaujolais kutoka vilima vya kaskazini, wa zabibu za gamay, mwekundu na mwepesi. Mvinyo huo ukiwa na ubaridi kidogo hukata mafuta ya utumbo vizuri. Asiyekunywa aombe carafe d'eau, maji ya bomba, ni bure. Asiyekula nguruwe aziepuke soseji, pamoja na andouillette ya utumbo, aulize quenelle, tonge laini la samaki wa mtoni.

Ukishiba, tembea. Katika Vieux-Lyon kuna traboules, njia zinazopita ndani ya majumba: sukuma mlango namba 54 wa rue Saint-Jean, upite ua baada ya ua hadi utokee namba 27, rue du Bœuf. Humo watu wanaishi, kwa hiyo shusha sauti. Wapenda sinema waende mtaa wa Monplaisir, ambako mwaka 1895 Louis Lumière aliwapiga filamu wafanyakazi wakitoka kiwandani. Mimi huishia kwa mwoka mikate, kununua tarte ya praline, nyekundu ya kutisha, ya kula kwenye treni. Beba na tishu, inanata.